Traksuti ya Mama Ciku

Hapa Eldoret, mji wa wanariadha, ukionekana unakimbia kabla jua halijachomoza, hakuna anayekuuliza umeiba nini. Watu hukuuliza unajiandaa kwa mbio gani. Ndiyo maana majirani zetu wa mtaa wa Huruma hawakushangaa kumwona Wangari, mke wa mwanangu Ndungu, akitoka mbio kila alfajiri, amevaa traksuti ya timu ya taifa, jina la nchi mgongoni.

Ukweli tuliujua sisi wa nyumbani. Wangari huuza mitumba. Sokoni mizigo ya nguo hufunguliwa mapema, na anayefika kwanza ndiye anayechagua nguo nzuri. Anayechelewa hubaki na soksi zilizopotelewa na wenzao. Traksuti yenyewe aliitoa humo humo kwenye mzigo, ikiwa na tundu kwenye goti. Akaliziba vizuri hivi kwamba hata mimi, mwenye ulimi mrefu, nilikosa la kusema.

Akishaondoka, mimi huchemsha chai. Mjukuu wangu Ciku huoga, hunywa chai, hulalamika kwamba haina sukari, kisha huenda shuleni. Yuko Gredi ya Sita, na huniita Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu. Amepewa jina langu, na nadhani ulimi wangu ulikuja pamoja nalo.

Siku moja Mwalimu Amolo aliwaambia wanafunzi wake kwamba shule ingekuwa na Siku ya Jamii. Wazazi wangepaka madarasa rangi, wangepanda miti, na kushindana katika michezo na wazazi wa shule tatu jirani. Kila mtoto alitakiwa kusema mzazi wake angejitolea kufanya nini.

"Baba ataleta maji na lori lake," alisema Hamdi, rafiki ya Ciku. Baba yake, Mzee Abdullahi, husafirisha mizigo hadi Lodwar.

"Baba yangu ataleta hema na spika," alisema Marvin. Kisha akageuka nyuma. "Na mama ya Ciku je? Ataleta soksi za mtumba?"

Darasa zima likacheka. Ciku akasukuma daftari pembeni. Akasimama.

"Mama yangu ni mwanariadha! Kwani hamjamwona asubuhi na traksuti ya taifa?"

Kicheko kikakatika. Walikuwa wamemwona. Marvin mwenyewe aliwahi kumpigia makofi barabarani.

"Kumbe!" alisema Mwalimu Amolo, akichukua kalamu. "Na vile tunatafuta mtu wa kumalizia mbio za kupokezana vijiti!"

Uongo ni kama kuku wa jirani. Ukimrushia punje moja leo, kesho anakuja na wenzake. Baada ya siku mbili, Ciku alipewa barua ya kumwalika mama yake kwenye timu. Akaificha ndani ya mkebe wa unga. Lakini katika nyumba yetu mpishi wa ugali ni nani? Ni mimi. Niliacha shule darasa la saba, ila barua ya mwalimu naisoma hata ikiwa imejaa unga.

"Ciku," nilimwita, "ugali wa leo una muhuri wa shule."

Akaanza kulia, akanieleza yote. "Cucu, tafadhali usimwambie mama."

"Mimi? Siwezi. Wewe ndiye utamwambia. Nakupa hadi Ijumaa."

Badala ya kumwendea mama yake, alimwendea mwalimu na uongo wa pili: mama ameteguka mguu, hawezi hata kusimama.

Hapo mjukuu wangu alikosea hesabu. Watu wetu wakisikia fulani anaumwa, hawakai kwao wakimwonea huruma. Huja. Alhamisi jioni wakabisha hodi: Mwalimu Amolo na ndizi na kilo ya sukari, Mzee Abdullahi na maziwa ya ngamia, Hamdi, na hata Marvin, ameshika dawa ya kuchua misuli aliyopewa na baba yake.

"Karibuni," nilisema, huku nikimtazama Ciku. Alikuwa anatafuta kiti cha kujificha chini yake, lakini viti vyetu ni vidogo. Ningeweza kumwokoa. Sikumwokoa. Niliwamiminia wageni chai.

"Mgonjwa amelala, Mama?" aliniuliza Mzee Abdullahi kwa sauti ya chini.

"Yuko njiani anakuja."

"Njiani? Na mguu ule?"

Kabla sijajibu, mlango ulisukumwa kwa teke. Wangari akaingia, mgongoni amebeba mzigo wa nguo mkubwa kama godoro.

"Wageni! Karibuni jamani! Kuna heri?"

Mwalimu Amolo aliutazama mguu wa kulia, halafu wa kushoto. "Pole sana, Mama Ciku. Ni upi?"

"Ni upi nini, Mwalimu?"

Niliweka kikombe changu chini. Ciku akasimama, mikono nyuma.

"Mama hajateguka," alisema. "Na si mwanariadha. Yeye hukimbia kuwahi mitumba. Nimedanganya mara mbili. Niliona... niliona aibu."

Wangari akautua mzigo polepole. "Aibu ya nini, Ciku? Yangu?"

Wangari akaketi juu ya mzigo wake. Hakumfokea, na kule kutofoka kuliniuma mimi kuliko kelele. Mwishowe akainua macho, akamwona Marvin.

"Hiyo sweta ni nzuri," alisema. "Nilimuuzia mama yako Jumatatu."

Marvin akaitazama sweta yake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza wanakutana.

Mzee Abdullahi alikohoa, ila mimi najua kikohozi na najua kicheko. "Basi," alisema, "maziwa haya tutayanywa sisi wazima."

"Mwalimu," Wangari alisema, "andika kazi yangu ilivyo: muuza mitumba. Timu yenu ina sare?"

"Haina. Kila mtu atavaa alichonacho."

"Nitaleta fulana za rangi moja, nizishonee nambari. Na kama bado mnakosa mtu wa nne, nitakimbia. Nimezoea kufukuzana na wanawake wenye haraka."

"Na Ciku?" Mwalimu aliuliza.

"Ciku ataliambia darasa lake mwenyewe. Pale aliposimama kusema uongo, asimame hapo hapo aseme ukweli."

Kesho yake Ciku alisimama darasani, akasema ukweli. Alipomaliza, Marvin akainua mkono na kusema, "Hata sweta yangu imetoka kwa mama yake." Darasa likacheka tena, lakini mara hii Ciku alicheka nao.

Jioni zote zilizofuata alishona nambari pamoja na mama yake. Nambari tatu ya kwanza ilipinda kama mwenye mguu ulioteguka. Wangari akamfanya aifumue, aianze upya.

Siku ya Jamii ikafika. Madarasa yakapakwa rangi, miche ikamwagiliwa maji ya lori la Mzee Abdullahi. Mbio zilipoanza, kijiti kilimfikia Wangari timu yetu ikiwa ya mwisho. Akakimbia kana kwamba mzigo umefunguliwa! Akampita mmoja, akampita wa pili. Tulimaliza nambari mbili. Aliyetushinda alikuwa mwanariadha wa kweli, na hata yeye aligeuka nyuma mara mbili kuangalia ni nani huyo anayekuja.

Kisha zikaja mbio za akina nyanya wa wanafunzi, kila mmoja na kijiko chenye kiazi. Viazi vilikuwa vyetu, vya shamba la mwanangu Ndungu kule Burnt Forest. Nilitembea kwa madaha kama bibi harusi, na kiazi changu hakikutikisika. Nikawa wa kwanza! Ciku akaja mbio kunikumbatia. Akakitazama kijiko. Akakigeuza juu chini.

Kiazi hakikuanguka.

"Cucu!" alipiga kelele. "Umekibandika na ugali!"

Uwanja mzima ukanigeukia. Mimi nilimpa yeye siku kadhaa za kutubu. Yeye hakunipa hata dakika.

"Ni kweli," nilisema, nikanyoosha mgongo. "Ugali wa asubuhi."

Nikampelekea beseni la zawadi nyanya aliyekuja wa pili, nikamwomba msamaha mbele ya watu wote. Wangari alicheka hadi akaketi kwenye nyasi.

Tukiwa njiani kwenda nyumbani, nilimshika Ciku mkono.

"Sikiliza, mjukuu wangu, maana leo tumefunzwa sote wawili. Uongo hushika kwa muda, kama ugali kwenye kijiko. Lakini kuna siku mtu atakigeuza, na mara nyingi ni yule anayekupenda. Mama yako hakuwa na cha kubandika. Alikwenda na mbio zake za sokoni na sindano yake, na umeona vilitosha."

Ciku akasema, "Cucu, mwaka ujao tufanye mazoezi."

Tulianza kesho yake alfajiri. Wangari alitoka mbio na traksuti yake, na sisi wawili nyuma yake, polepole, na vijiko vyetu. Mpaka sasa viazi vinaanguka sana.