Picha za Katikati

Mara ya kwanza Penseli alidhani ni usahaulifu wake tu. Alikwenda kula, akarudi mezani, akakuta karatasi saba alizoziacha tupu zimechorwa.

Penseli ni jina alilopewa mtaani, maana hukumwona bila penseli moja mkononi na nyingine kwenye nywele. Msichana alikuwa na wazimu wa katuni, tena si wa kuzitazama, wa kuzitengeneza! Aliambukizwa na marehemu bibi yake, aliyekuwa akiwachezea wajukuu vivuli vya vidole ukutani, sungura anakimbia, mbwa anabweka. Sasa kila asubuhi aliketi kibarazani mkabala na bucha akichora mkono wa mwenye bucha, kwa sababu mtaa mzima hapakuwa na mkono uliopanda na kushuka kwa mdundo kama ule.

Kazi yenyewe ina utaratibu wake. Unachora picha ya mwanzo, shoka liko juu. Unachora ya mwisho, shoka limezama kwenye nyama. Halafu unarudi kujaza za katikati moja moja, hadi ukizipeperusha kwa kidole gumba, mkono unashuka wenyewe. Hizo picha za katikati zilikuwa zinamchosha Penseli, jamani. Alizipa namba, mbili mpaka nane, akaziacha nyeupe, akaenda kula.

Na sasa zilikuwa zimejaa. Mistari ilikandamizwa mpaka karatasi zikachanika mahali mahali, nazo zilinuka nywele zilizoungua.

"Dada, umegusa karatasi zangu?"

Dada yake alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Hakuinua hata kichwa. "Mimi? Mimi nikichora yai linatoka na pembe. Hebu nipishe mwanga."

Penseli akazipeperusha. Loo! Shoka lilishuka na uzito wake wote. Ila katika picha ya tano mwenye bucha alikuwa amegeuza shingo, anamtazama yeye, na katika ya sita kiganja chake cha kushoto kilikuwa palepale shoka linapoelekea. Katika ya mwisho, aliyoichora mwenyewe, mkono huo haukuonekana. Alikuwa ameuficha nyuma ya paja la ng'ombe. Akajikaza, akairekodi kwa simu, akaituma studio ya katuni aliyokuwa akiiomba nafasi ya kazi mwaka mzima.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, mwenye bucha aliinua shoka, akageuza shingo, akamtazama Penseli kwa macho yasiyopepesa. Akalaza kiganja cha kushoto juu ya gogo, taratibu kama anayelaza mtoto, akakata. Vidole vitatu viliruka. Akakata tena. Mteja mmoja akamrukia, akapigwa bapa la shoka hadi taya likavunjika, na wengine watatu ndio waliomwangusha yule bwana, na hapo ndipo alipopiga yowe la mtu aliyeamka.

Penseli alikimbia na karatasi zake hadi kwa mganga, mwanamke mfupi mwenye chumba nyuma ya duka la matairi. Mganga alizinusa, akazitupa chini.

"Huyu jini hakuvunja mlango, binti," alinong'ona. "Ulimwita. Unaweka namba, unaacha nafasi, si umemwambia ajaze? Choma hizi. Na usiache tena pengo, hata moja."

"Na akishajaza?"

"Haifutiki. Labda umchore kwenda mbele, hatua kwa hatua, mpaka nje ya mlango, bila kuruka namba. Lakini mimi sijamwona aliyeweza."

Alizichoma. Jioni studio ikajibu: "Hizi picha zako za katikati ni balaa! Lete nyingine Ijumaa, nafasi ni yako."

Mchovya asali hachovyi mara moja. Siku mbili alizijaza mwenyewe, zikatoka ngumu kama mbao. Alhamisi akajidanganya, na akili zake zote: mwanzo ukiwa mwema na mwisho ukiwa mwema, jini atatia wapi ubaya? Akamchora Dada ameketi kwenye cherehani. Akamchora Dada amesimama, anatabasamu. Kati ya picha hizo mbili akaacha karatasi kumi, namba mbili hadi kumi na moja, akatoka nje uani, jua la saa saba likimchoma utosi.

Kwaru, kwaru, kwaru. Kisha kimya. Kisha cherehani ikaanza kwenda mbio.

Alipoingia mbio harufu ya nywele zilizoungua ilimlaki, na akamwona Dada amesukuma mkono wake mwenyewe chini ya sindano, sindano inashona kidole baada ya kidole ikipanda kuelekea kifundo, miguu inakanyaga pedali kana kwamba si yake, huku paji la uso likigongwa kwenye chuma, likainuka, likagongwa tena, mpaka pua ikavunjika na jino likadondoka juu ya kitambaa, na katikati ya yote hayo Dada ananong'ona, "Mdogo wangu, si mimi, si mimi." Halafu miguu ikaachia pedali. Akasimama. Akatabasamu, vilevile alivyochorwa.

"Umenipatia," alisema kwa sauti mbili, na akachukua mkasi.

Penseli alidaka rundo la karatasi alizokuwa ameshazipa namba. Kumi na tatu: mkasi unainuka. Kumi na nne: mkono umesita. Mkono ukasita, lakini kwa pumzi moja tu, na alipochelewa ya kumi na tano mkasi ulimzama begani, ukachomolewa, ukazama tena, naye akachora huku damu ikimwagikia karatasi, akamchora Dada anaanguka, akachora moshi unamtoka kinywani, akauchorea miguu ili utembee, akauburuta picha kwa picha sakafuni hadi kizingitini, akilia na kutukana, na kila alichochora kikawa, mpaka akaufunga mlango kwenye karatasi na mlango wa chumba nao ukajibamiza.

Dada alikuwa amelala chini, uso umevimba, lakini anapumua.

"Maji," alisema, kwa sauti yake moja.

Penseli alilia kwa furaha. Ni mzima! Studio na ife huko. Akampa maji, akamfunga mkono kwa kitambaa, kisha akaanza kukusanya karatasi azichome. Kumi na nane. Kumi na tisa, kisigino cha jini kiko juu ya kizingiti. Ishirini na moja, mlango umefungwa.

Ishirini ilikuwa imegandamana kwa damu nyuma ya kumi na tisa. Akaibandua. Ilikuwa nyeupe, aliiruka bila kujua. Mlango ulifungwa kweli, lakini jini alibaki upande gani?

Aliitafuta penseli, akaishika, akainama haraka kuijaza. Mstari wa kwanza ulitokea kabla ncha haijagusa karatasi. Kisigino kilikuwa kimegeuka, kinarudi ndani, na mbele yake ameinama msichana mwenye damu begani.

"Mdogo wangu," Dada alinong'ona kutoka sakafuni, akijivuta nyuma kwa viwiko. "Mbona unatabasamu?"