Kisanduku Kinachouma

Kawetele iliamkia mvua. Hilo si jambo la ajabu, kwani upande huu wa Rungwe mvua haibishi hodi. Ikupa alimaliza kumkamua Madoa, akaifunika ndoo ya maziwa kwa jani la mgomba, akakimbia nayo hadi barazani. Kisha alichukua tambara, akaanza kupiga deki chumba cha mbele.

Chumba hicho kilikuwa studio ya mumewe, Lwitiko. Tangu umeme ulipofika kijijini, Lwitiko alikuwa akirekodi kwaya za makanisa. Hakuwa na vitu vingi. Alikuwa na kompyuta ya mkononi, kipaza sauti kimoja, na kisanduku cha chuma chenye ukubwa wa Biblia. Watu wa muziki hukiita saundi kadi. Kazi yake ni kupokea sauti kutoka kwenye kipaza na kuiingiza kwenye kompyuta.

Lakini siku hizi kazi ilikuwa imeingia doa. Kila wimbo ulikuwa na mlio chini yake, mmmmm, kama nyuki walionaswa ndani ya debe. Kwaya ya Suma ilikuwa imeukataa wimbo wake. Lwitiko alikuwa halali vizuri.

"Saundi kadi imezeeka," alisema asubuhi hiyo, akiwa bado na kikombe cha chai mkononi. "Anyelwisye wa Mbeya ameniambia. Anauza mpya, nzuri. Anasema ile yangu ni ya kuchezea watoto."

"Anyelwisye ameisikia yako?"

"Ataisikia wapi? Nimemweleza kwa simu."

"Na hela ya mpya?"

Lwitiko aliweka kikombe chini. Aliangalia nje, upande wa banda la ng'ombe. Ikupa aliacha kupiga deki.

"Baba Imakulata, si Madoa!"

"Jumamosi Abrahamu, yule mnunuzi wa ng'ombe, atakuja kumwangalia," Lwitiko alisema polepole. "Nifanyeje, mke wangu? Nikikosa kwaya, nimekosa kazi."

Madoa alikuwa ng'ombe wao pekee, tena mwenye mimba. Maziwa yake waliyanywa binti yao Imakulata na mama mkwe, na yaliyobaki yalikwenda kituo cha maziwa. Ikupa alijua ng'ombe hutoka nyumbani siku moja, lakini kurudi huchukua miaka. Wazo moja halikumwacha. Je, wakinunua kisanduku kipya, halafu nacho kikaunguruma?

Hakulisema. Mambo ya mashine hakuyajua. Angeonekana mbishi tu.

Ijumaa ilikuja kwaya ya Kisiba. Walipofika mlangoni walivua viatu vyao vyenye tope, kama watu wenye adabu wanavyofanya. Wakaingia pekupeku, wakajipanga kwenye sakafu ambayo Ikupa alikuwa ametoka kuipiga deki. Kiongozi wao, Mzee Geresoni, alikishika kipaza sauti na kukisogeza mdomoni. Mara akashtuka.

"Mwe! Kipaza hiki kinabusu!"

Wanakwaya walicheka.

"Kwaya nyingine hupanda mlimani kutafuta upako," Mzee Geresoni alisema, akijifuta midomo. "Sisi upako tumeletewa na waya."

"Imba, mzee, usimfukuze Roho!" alisema mwanamke mmoja wa sauti ya pili, na wote wakacheka tena.

Ikupa naye alicheka, lakini kidogo. Walipoondoka, alikifuta vumbi kile kisanduku kwa kitambaa chenye unyevu. Kitu kilimchoma vidoleni. Alikiachia kitambaa.

"Lwitiko! Kisanduku kinauma!"

"Umeona sasa?" Lwitiko alisema, kama aliyeletewa shahidi. "Si nilikuambia kimezeeka? Kipya hakitauma."

Ikupa alitazama vidole vyake. Imakulata hupenda kuimba kwenye kile kipaza akitoka shule. Huimba pekupeku. Ikupa alijitanda kitenge, akatoka kwenye mvua.

Alikwenda kwa jirani yao Tusekile. Tusekile alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha chai. Ikupa alimkuta akimenya ndizi.

"Ugonile, dada," alimsalimu Kinyakyusa.

"Ndaga, mama Imakulata. Mbona umelowa hivyo? Kuna msiba?"

"Bado," Ikupa alijibu. Neno hilo lilimtoka lenyewe, na Tusekile akaweka kisu chini.

Ikupa alimweleza yote. Tusekile alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akamuuliza jambo ambalo Ikupa hakulitegemea.

"Na pasi yako je?"

"Pasi?"

"Ukipiga pasi pekupeku, unasikia nini?"

Ikupa alifikiri. "Inatekenya. Nilidhani pasi zote ndivyo zilivyo."

"Sasa na pasi nayo imezeeka siku moja na saundi kadi?" Tusekile alitikisa kichwa. "Nenda nyumbani. Zima swichi kubwa. Mtoto asiguse kitu chochote cha umeme usiku wa leo. Kesho asubuhi nakuja."

Usiku huo walikaa na taa ya chemli. Lwitiko alinuna. "Umenitangaza kwa majirani," alisema. Ikupa hakubishana naye. Aliogopa asubuhi isije, na aliogopa ije, maana Abrahamu naye alikuwa anakuja.

Tusekile alifika mapema na mfuko wake wa vifaa. Alimsalimu mama mkwe, Bibi Atupakisye, aliyekuwa akiota moto. Kisha aliwasha swichi kubwa na kusema, "Shemeji, niwekee ule mlio niusikie. Usiguse chuma."

Lwitiko aliiwasha kompyuta. Spika zikaanza: mmmmm.

"Kompyuta ina betri?"

"Ipo, lakini haidumu."

"Inatosha. Sasa chomoa chaja ukutani."

Lwitiko alichomoa. Mlio ulikatika papo hapo. Chumba kikawa kimya, wakasikia matone ya mvua yakianguka kutoka kwenye paa.

Lwitiko aliitazama chaja mkononi mwake. Aliichomeka tena. Mmmmm. Akaichomoa. Kimya.

"Saundi kadi ni ileile," Tusekile alisema. "Imezeeka ukichomeka, imekuwa kijana ukichomoa?"

Ikupa aliziba mdomo asicheke.

"Kasoro ni umeme wa nyumba," Tusekile aliendelea. "Tutoke nje."

Walizunguka nyumba. Chini ya mita, ukutani, palining'inia kipande kifupi cha waya kilichokatwa. Tusekile alikinyooshea kidole.

"Huu ni waya wa ethi. Ulipaswa kushuka hadi kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini. Nani ameukata?"

Lwitiko alimtazama Ikupa. Ikupa alimtazama Lwitiko. Bibi Atupakisye alikuwa amewafuata, fimbo mkononi.

"Ni mimi," alisema bila wasiwasi. "Nilikuwa nalima migomba hapa, jembe likakutana na chuma. Nikaking'oa. Waya wake ni mzuri, haushiki kutu. Nimefungia mgomba wenye mkungu mkubwa usianguke. Ule pale."

Kweli, mgomba uliinama kwa uzito, umeshikwa na nguzo, na kiunoni umefungwa waya wa shaba.

"Mama!" Lwitiko alisema.

"Mama nini? Waya wa kwenda juu huwasha taa. Huo ulikuwa unaingia ardhini. Unamulikia nani huko, mchwa?"

Hata Tusekile alicheka. Kisha akamshika bibi mkono kwa upole.

"Bibi, huo haumuliki mtu, unamlinda. Umeme ukivuja ndani ya pasi au kompyuta, waya huo huupeleka ardhini. Ukikatwa, umeme hutafuta njia nyingine. Mtu aliyesimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji ni njia nzuri sana."

Bibi Atupakisye aliutazama waya kwenye mgomba. "Imakulata huimba pale," alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo. Kutekenya ni onyo. Leo umeme umetekenya. Chombo kikiharibika zaidi, umeme huohuo utaua."

"Kwa hiyo ningenunua saundi kadi mpya..." Lwitiko alianza.

"Ungeichomeka kwenye ukuta huuhuu."

Wakati huo sauti ilisikika kutoka njiani. "Hodi wenyewe! Ng'ombe wangu yuko wapi?" Alikuwa Abrahamu, na kamba begani.

Ikupa alimtazama mumewe. Lwitiko alitazama kamba, akatazama ukuta, akatazama banda. Alikuwa ameshamwahidi Anyelwisye kwamba atanunua.

"Kaka Abrahamu, nisamehe," Lwitiko alisema mwishowe. "Nimekuchosha bure. Hauzwi."

"Juzi ulisema unauza!"

"Juzi nilikuwa sijajua kinachoniuma."

Abrahamu alilalamika, akapewa kikombe cha maziwa, akaendelea kulalamika huku akinywa.

Siku hiyo walinunua waya mpya na chuma kipya mjini Tukuyu. Walipata pia swichi inayokata umeme yenyewe unapovuja. Lwitiko alitaka kufunga mwenyewe, lakini Tusekile alimkatalia. "Kuchimba shimo unaweza, shemeji. Kufunga na kupima ni kazi ya fundi." Alizima umeme, akapigilia chuma mahali jembe halifiki, akafunga waya, akapima kwa mita yake. Hakuridhika, akapigilia chuma cha pili. Akapima tena, na safari hii akasema, "Sasa sawa."

Umeme ulipowashwa, Lwitiko aliichomeka chaja. Ule mngurumo haukuwepo. Hata hivyo, alipotega sikio alisikia sauti nyembamba, ssss.

Ikupa alishtuka. "Bado kisanduku kinaumwa?"

"Hapana, hii naijua," Lwitiko alisema. "Nimezoea kufungua sauti mpaka mwisho kwa sababu waimbaji wanasimama mbali. Wakisogea, nitapunguza, nayo itakwisha." Alikitazama kisanduku chake kwa muda. "Siku nikihitaji vipaza vinne kwa pamoja, hiki kitakuwa kidogo. Hapo nitatafuta kikubwa. Kwa kazi ya sasa kinatosha."

Kwaya ya Kisiba ilirudi wiki iliyofuata. Ikupa alikuwa ametandika mkeka, na sakafu ilikuwa imekauka. Mzee Geresoni alikigusa kipaza kwa ncha ya kidole, kama mtu anayepima uji wa moto.

"Upako umeondoka," alisema.

"Upako uko kwenye nyimbo, mzee," Ikupa alimjibu. "Ule ulikuwa umeme."

Waliimba. Lwitiko alipowasikilizisha, walisogea karibu na spika. Sauti ya tatu, ambayo siku zote ilimezwa na mngurumo, ilisikika neno kwa neno. Kwaya ya Suma nayo ilipata habari, ikatuma mtu kuomba siku ya kurekodi.

Asubuhi moja Ikupa alikuwa kituo cha maziwa, kwenye foleni na wanawake wenzake. Hakuwa mtu wa kusema mbele ya watu. Aligeuzageuza mfuniko wa ndoo yake, kisha akauliza, "Jamani, pasi zenu zinatekenya?"

Wakaangua kicheko.

"Ya kwangu inatekenya kuliko mume wangu!" mmoja alisema.

Esnath, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, alicheka pamoja nao. Halafu akaacha kucheka. Aliangalia mkono wake.

"Ya kwangu inatekenya kweli," alisema. "Na friji pia, nikilishika."

Ikupa alitoka kwenye foleni, akaweka ndoo chini.

"Twende kwako sasa hivi tukazime swichi kubwa," alisema. "Halafu tutamwita Tusekile."