Magurudumu kwenye Plastiki

— Umelichana bwawa langu, Mbodze.

Bi Sheikha hakupandisha sauti. Alisimama ukingoni na kuonyesha upande wa kina, ambako plastiki ya buluu iliyotandikwa chini ya maji ilikuwa imepasuka mara mbili. Kwa miaka mitatu Mbodze alikuwa akisafisha bwawa hilo la nyumba za kupanga za Ganjoni kwa mkono, akiisukuma fimbo ndefu yenye kichwa cha brashi kinachofyonza mchanga.

— Si mimi, Bi Sheikha.

— Nani mwengine huishika hiyo fimbo?

Mbodze alimtazama Charo, msimamizi wa nyumba hizo na mchumba wake. Jumamosi wazee wa Charo wangekwenda Majengo kumposa kwa mamake. Charo alikuwa akitazama viatu vyake.

— Nakupa mpaka saa kumi. Uniambie ukweli, ama utafute kazi pengine.

Bi Sheikha alipoondoka, simu ya Mbodze ililia. Aliyeandika alikuwa hatua kumi kutoka kwake.

"Mpenzi kubali tu yaishe. Wewe ni mwanamke atakuhurumia. Mimi atanifukuza. Nitakuoa hata kama huna kazi."

Aliisoma mara mbili, kisha akamfuata Charo.

— Unaniandikia na mimi niko hapa?

— Punguza sauti.

— Sijaipandisha. Alhamisi nilipompeleka mama kliniki, ulisafisha kwa kichwa gani?

— Nilikiazima hapo jirani. Hiyo brashi yako inachelewesha.

— Kile chenye magurudumu?

— Magurudumu na vyuma vya uzito. Kwao kinafanya kazi vizuri.

— Bwawa lao ni la zege na vigae. Hapa ni plastiki. Nilikueleza, Charo.

— Nilitaka kukusaidia, Mbo.

— Nakuamini. Nenda ukamwambie hivyo hivyo.

— Nitaposa vipi na sina kazi?

— Na mimi nitaposwa nikiwa nani? Mtu aliyekiri uzembe wa mwenzake?

— Watu watasahau.

— Mimi sitasahau. Nawe una mpaka saa kumi.

Saa kumi Bi Sheikha alimkuta Mbodze ameshafunga kichwa cha brashi kwenye fimbo. Aliuzamisha mpira mrefu wa kufyonzea kidogo kidogo mpaka mapovu yakaisha, kwa sababu hewa ikibaki ndani pampu haifyonzi. Akauchomeka kwenye tundu la pampu ukutani mwa bwawa, akaivuta brashi polepole sakafuni. Mchanga uliondoka. Plastiki haikupata hata mkwaruzo.

— Sasa tazama palipochanika, Bi Sheikha. Ni mistari miwili iliyonyooka, na kati yake ni shibiri moja. Imekata pale plastiki ilipojikunja. Nyuzi za brashi hazikati hivyo.

— Haya ni magurudumu.

— Ni magurudumu.

— Na wewe huna.

— Sijapata kuwa nayo.

Bi Sheikha alimgeukia Charo, aliyesimama kando.

— Msimamizi, nani ameleta magurudumu hapa?

Mbodze alingoja. Jibu la kweli lilihitaji neno moja tu: mimi.

— Labda yeye mwenyewe aliyaazima, mama. Alhamisi niliona ana haraka.

— Alhamisi nilikuwa kliniki, alisema Mbodze.

Akafungua simu na kumpa Bi Sheikha asome ujumbe wa Charo wa siku hiyo: "Usihangaike kuja leo. Bwawa nimekusafishia mimi, limeng'aa. Mwambie mama pole."

Bi Sheikha aliusoma. Kidole chake kikateremka mpaka ujumbe wa asubuhi.

— "Wewe ni mwanamke atakuhurumia." Nani aliyekwambia nina huruma za namna hiyo?

— Mama, nisamehe.

— La kuchana ningekusamehe. Hili la kumsingizia mwenzio mbele yangu silisamehe. Funguo za lango ziache mezani.

Akamgeukia Mbodze.

— Nawe niwie radhi, mwanangu. Nilihukumu.

— Nimekusamehe, Bi Sheikha. Lakini safari nyengine anza kwa kuuliza.

Langoni, Charo alimshika mkono. Mbodze akauondoa.

— Ulikuwa na ushahidi tangu asubuhi. Kwa nini hukuutoa?

— Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe.

— Basi nimekosa. Jumamosi…

— Waambie wazee wasije.

— Unavunja uchumba kwa ajili ya plastiki?

— Plastiki nitaiziba kesho, kwa kiraka na gundi ya majini. Ungesema ni wewe, ningekucheka, tukaiziba pamoja, na wazee wakaja. Umeulizwa mbele yangu ukanitaja mimi.

Mbodze alimpigia mamake.

— Mama, Jumamosi usinunue nazi. Hakuna wageni.

— Wameahirisha?

— Nimewarudisha mimi.

— Amekupiga?

— La. Amenisingizia kwa tajiri wangu, na mimi nimesimama pale pale.

— Nipe namba ya babake Charo, alisema mamake. Hilo nitamwambia mwenyewe.