Aliyelitangulia Lori

Lori la saruji halina sababu ya kunukia marashi. Litanuka petroli, jasho, magunia na vumbi linaloganda puani, lakini marashi hapana. Kwa hiyo mke wa dereva alipoyanusa tena kwenye shati la mumewe, alifanya jambo la maana kuliko kulia: alimpigia simu kaka yake, ambaye alikuwa fundi wa magari.

“Kaka, nieleze kitaalamu. Lori gani hili linakufa kila jioni saa ya kurudi nyumbani, halafu alfajiri linafufuka lenyewe?”

“Yapo. Magari ya zamani yana vituko.”

“Kituko cha kwangu kinajipaka marashi.”

Fundi alicheka. Dada yake hakucheka.

“Na asikudanganye kwamba analala njiani. Anafika, kaka. Nasikia lori linaingia uani, linazimwa, mlango wake unalia. Anakuja hadi kizingitini, anajikohoza vile anavyojikohoza, anagonga. Mimi nimetia komeo, simfungulii ng'o. Nikija kuchungulia, uani hakuna mtu wala lori.”

“Analiondoaje bila wewe kusikia?”

“Sijui, labda analisukuma. Mwanamume akiwa na pa kwenda ana nguvu. Lichunguze. Kama ni bovu kweli, nitamwomba radhi. Kama ni zima, nafungasha vyangu, na wewe ndiye utakayekuja kunibebea masanduku.”

Mume mwenyewe, madereva wenzake walimwita Taratibu, kwa sababu alifunga breki hata akiona kivuli. Hakuwa na sura ya mzinzi. Hakuwa hata na sura ya mtu anayeweza kusema uongo bila kukaa chini kwanza. Lori lake la petroli, kuukuu, alilipa jina la Ajuza. Asubuhi alipakia saruji karibu na kwake, akaishusha katika mji wa pili, kulikokuwa na gereji ya shemeji yake, na jioni akarudi bila mzigo. Ni hapo kwenye kurudi ndipo injini ilipoanza kumisi, yaani kuruka mapigo, ikatetemeka, ikazima.

“Shemeji, nakuapia,” alisema Taratibu, fundi alipofungua boneti, “sina mwanamke. Huyu mmoja tu ananishinda.”

“Nyamaza, piga stata.”

Gari linalomisi muda wote ni riziki ya fundi. Linalomisi likitaka ni adhabu yake, maana ukilifikisha gereji linajitia adabu kama mtoto mbele ya wageni. Ajuza aliwaka kwa mguso mmoja, akanguruma vizuri. Fundi alichomoa waya za plagi mojamoja, na kila alipochomoa injini ililegea, ishara kwamba kila silinda ilikuwa kazini. Alitikisa nyaya zote, alisugua platini, alifungua kabureta akaipuliza mpaka mashavu yakamuuma. Adhuhuri, lori likiwa bado na mzigo na injini ikitokota, alilipandisha mlima ulio upande wa pili wa mji. Halikukohoa hata mara moja.

“Mbona ni zima,” akasema, akimtazama shemeji yake kwa jicho lingine.

Taratibu alijifuta uso kwa kiganja. “Sawa. Jioni twende nalo nyumbani. Ukae hapa, pembeni yangu.”

Jua lilikuwa linazama walipoyaacha maduka ya mwisho. Barabara ilinyooka katikati ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa, tambarare tupu pande zote, na wale wawili walikuwa wanabishana kuhusu nani kati yao alicheza mpira vibaya zaidi ujanani. Kisha harufu ikaingia. Haikupita dirishani. Ilipanda kutoka kati yao, pale kwenye kiti ambapo hakuna aliyekaa: kwanza sabuni, kama mtu ametoka kuoga sasa hivi, halafu marashi, mazito, ya mtu anayekwenda mahali ambako ana hakika atapokewa.

“Umejipaka nini?” fundi akauliza.

“Nimeshinda na saruji, nijipake nini?” Sauti ya Taratibu ilikuwa imepungua. “Ndiyo hiyo, shemeji. Ikija hiyo, haikawii.”

Injini ikapoteza pigo moja. Ikalirudia, ikapoteza mawili, ikatetemesha usukani, ikazima. Lori likajikokota hadi kando ya barabara. Na katika ule ukimya, mbele yao, injini ileile iliendelea: mngurumo wa Ajuza, bati la boneti linalogongagonga, kikohozi kile kile, vikitembea barabarani bila taa na bila lori, kuelekea nyumbani, mpaka vikafifia.

Fundi alitoa kichwa dirishani.

“Mwangwi,” fundi akasema hatimaye.

Hapakuwa na mlima wala ukuta wa kurudisha mwangwi, lakini fundi alikuwa na maelezo. Fundi huwa nayo. Alichomoa plagi, akaigusisha kwenye chuma, Taratibu akapiga stata: hakuna cheche. Fundi nusura apige makofi. Kukosa cheche ni ugonjwa, na ugonjwa una dawa. Simu hazikushika mtandao pale, na giza lilikuwa limeshaingia, kwa hiyo walilala kebini, na Taratibu alikoroma sikioni mwake usiku kucha. Alfajiri Ajuza aliwaka bila kubembelezwa, nao wakageuza kurudi gereji.

Alipomaliza kufunga koili mpya, fundi alimpigia dada yake, kwa ile sauti ya mtu aliyeshinda.

“Ni bovu, mama. Koili. Ikipata joto inakata umeme, ikipoa unarudi. Nimelala naye kebini jana, shingo yangu ndiyo shahidi. Anza kutafuta maneno ya kuomba radhi.”

Dada alishusha sauti.

“Jana alikuja, kaka. Aligonga kuliko siku zote. Akaniita kwa jina.”

“Alikuwa na mimi.”

“Basi nani aliniita?”

“Uliota. Mtu akilala na hasira anasikia mambo.” Akalainisha sauti, maana ndiye kaka, na mambo ya nyumba hiyo yakiharibika ni yeye anayeitwa kuyapatanisha. “Umemnunia mumeo miezi mizima kwa kosa la koili. Hebu yaishe.”

“Labda,” alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayetamani kuamini. “Nimechoka kununa. Nyumba inakuwa kubwa ukiwa peke yako ndani yake.”

“Leo tunaingia wote wawili. Ukisikia lori uani, toa komeo. Usichungulie, usihoji, mpokee mumeo kama watu. Niahidi.”

Akaahidi.

Jioni ile Ajuza alikwenda kama aliyetoka dukani, na Taratibu akathubutu hata kupiga mluzi. Walikuwa wamefika kwenye mashamba yale yale wakati mluzi ulipokatika katikati. Sabuni. Kisha marashi, safari hii mengi mno, kama mtu aliyejimwagia chupa nzima kwa furaha, na kiti kati yao kikabonyea kidogo, springi zikilia, jinsi kinavyobonyea mtu anapojisogeza tayari kushuka.

“Shemeji,” Taratibu akanong'ona, bila kugeuza shingo, “na koili ni mpya.”

Injini ikazima. Na mbele yao ikaendelea.

Fundi alisikiliza mngurumo ule ukienda zake, akautambua kila mlio wake kama anavyozitambua spana zake gizani, na ndipo alipoelewa kwamba lori halikuwa na ugonjwa wowote, kwamba lilikuwa linazimwa tu ili mwenyewe achelewe, na kwamba kilichokuwa kinaazima sauti yake na kutangulia nayo hakikuwa na shida na lori wala na Taratibu bali na mlango mmoja, ambao kwa miezi yote hiyo haukuwahi kufunguka kwa sababu tu nyuma yake kulikuwa na mwanamke aliyekasirika, na hasira ile, iliyokuwa kinga yake pekee, yeye kaka mtu ndiye aliyeitoa asubuhi, kwa maneno matamu, na juu ya hayo akamdai ahadi.

“Mtandao,” alisema. “Mtandao unashika wapi?”

“Kule kwenye kituta, ule mwinuko mdogo mwisho wa mashamba. Kwa nini? Shemeji, kwa nini?”

Alikuwa ameshaanza kukimbia. Taratibu alimfuata, viatu vikimtoka, akiuliza na asijibiwe, na walipofika juu ya kituta, wakihema kama mbwa, giza lilikuwa limekwisha kufunga na simu ililia muda mrefu sana kabla ya kupokewa.

“Kaka.” Sauti ya chini, yenye kicheko ndani yake. “Mbona unatusumbua?”

“Nani yuko hapo?”

“Acha utani. Ameniambia ulishuka njiani, ukarudi gereji kwa mteja. Amekuja ameoga kabisa, ananukia, mimi hapa najilaumu kwa yote niliyomsema.” Akacheka kidogo. “Ila hataki niwashe taa. Eti macho yanamuuma, vumbi la saruji.”

“Sikiliza. Toka nje. Usivae viatu, usimuage mtu, toka uende kwa jirani—”

Nyuma ya sauti ya dada yake mtu alijikohoza. Fundi alikijua kikohozi hicho. Mwenye nacho alikuwa amesimama hapo hapo kando yake juu ya kituta, ameuziba mdomo wake kwa mikono miwili.

“Ananiita,” dada alisema, na simu ikakatika.

Huko chini, kando ya barabara, Ajuza aliwaka mwenyewe.

Walishuka mbio, wakapanda. Taratibu, ambaye alikuwa hajawahi kulipita hata toroli, alikanyaga mpaka mguu ukafika chini, na injini haikumisi, haikusita. Ilinguruma laini kilomita baada ya kilomita, kama injini ambayo hakuna tena mwenye haja ya kuizuia. Fundi alikuwa ameisubiri sauti ile tangu jana. Sasa aliomba ikohoe hata kidogo, na haikukohoa.

Nyumba ilikuwa giza. Waliingiza lori uani, wakalizima, mlango wa kebini ukalia. Taratibu alifika wa kwanza kizingitini, lakini hakugonga, kwa sababu mlango ulikuwa umeegeshwa tu, komeo likining'inia.

Ulifunguliwa kutoka ndani. Dada alisimama pale na gauni lake la kutokea, nywele zimesukwa upya, uso umepumzika kama wa mtu aliyelala usingizi wa kutosha baada ya muda mrefu. Hakuwa na jeraha. Hakuwa na hofu. Alipomwona kaka yake alitabasamu.

“Kaka! Kumbe umekuja.”

“Dada, twende. Mumeo huyu hapa, mshike mkono, tuondoke.”

Akageuza macho kwa Taratibu. Alimtazama kuanzia viatu vyenye saruji hadi usoni, kwa upole, kwa ile adabu anayopewa mtu usiyemjua aliyebisha hodi saa mbaya. Taratibu alimwita kwa jina, mara moja, kisha tena. Hakuna kilichobadilika usoni mwake.

“Pole na safari, baba,” alimwambia. “Wewe ndiye dereva uliyemleta kaka yangu?”

Akasogea kando kuwapisha, na bila kuyaondoa macho kwa yule mgeni akaita kuelekea chumbani, gizani:

“Mume wangu, vaa shati. Tuna wageni.”