Figa Lisiloshika Moto

Wewe umewahi kushika figa lililokaa motoni tangu jua halijazama, ukalikuta la baridi? Hujawahi. Basi usilete habari za sayansi. Dorotea naye alikuwa mtu wa sayansi, mwaka wa pili chuo kikuu, na alilishika mara tatu.

Ilikuwa likizo ya Julai, tisini na tano, juu ya milima ya Mwese, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka barabara ya Mpanda. Walikuwa wanne. Osward ndiye aliyeleta wazo, na hema la kuazima, na mabegi ya mgongoni makubwa kama magunia ya mpunga. Aliwahi kubebea watalii mizigo mwezi mmoja, na tangu hapo kila akikaa chini anatamka neno "kambi". Theopista alikuja kwa sababu Dorotea anakuja. Walikuwa wanalala chumba kimoja chuoni, na siku ya kuondoka, pale Kasokola, mama yake Theopista alimshika Dorotea mkono. "Wewe ndiye mwenye akili," alimwambia. "Unirudishie mwanangu." Wa nne alikuwa Ngolo, mrina asali, aliyekubali kuwaonyesha njia kwa kuwa alikuwa anakwenda kwenye mizinga yake.

Siku ya pili walipita kibanda cha nyasi chini ya mwamba, kimo cha banda la kuku. Ndani mlikuwa na mafiga matatu, na juu yake chungu kidogo chenye unga wa ulezi.

"Hapo ni jikoni kwa mwenyewe," Ngolo alisema bila kusimama. "Hatushiki kitu."

"Mwenyewe nani?" Dorotea aliuliza.

"Mwenye mlima."

"Ana hati ya kiwanja?"

Osward na Theopista walicheka. Ngolo aliendelea kutembea.

Jioni Ngolo akawaacha kwenye uwazi wa nyasi, akapanda kwenye mizinga, akiahidi kurudi alfajiri. Wale watatu wakatafuta mafiga, wakapata mawe mawili. Osward akaanza hotuba ya jinsi wazungu wanavyopika bila mafiga. Dorotea alikuwa na njaa, na hotuba zilikuwa zinamuudhi kuliko njaa. Akarudi nyuma dakika kumi, akachomoa jiwe moja pale kibandani. Chungu kikaanguka, unga ukamwagika. Jiwe ni jiwe, alijiambia.

"Umelipata wapi?" Theopista aliuliza.

"Kwenye kijito."

Theopista akasonga ugali. Maji yalichemka kama kawaida, ila figa lile halikushika masizi. Dorotea akaligusa. Baridi. Akasogeza kuni, akangoja, akaligusa tena, na tena. Baridi, kama limetoka kisimani.

"Mikono yangu imekufa ganzi," Theopista alisema, akauweka mwiko chini. Hakula. Akaingia hemani akajifunika mablanketi yote.

Ndipo ikaja harufu ya ulezi unaoungua, nao walikuwa wamebeba unga wa mahindi tu. Kisha, nyuma ya hema, mtu akapuliza moto: fuuu, akapumzika, fuuu, kama mwanamke mwenye kuni mbichi na watoto wenye njaa, naye Osward akawasha tochi akaangaza huku na huku asione hata nyasi moja iliyolala, na alipozima tu ile pumzi ikaanza tena, safari hii ndani ya hema, karibu na mto wa Theopista, mpaka Dorotea akatambua kwamba midomo inayopuliza ni ya Theopista mwenyewe.

"Nipikie wapi?" Theopista alisema macho yakiwa yamefumba. Sauti ilikuwa yake, uchovu haukuwa wake. "Jiko langu limeanguka. Nipikie wapi?"

"Malaria," Dorotea alinong'ona, akatafuta klorokwini kwenye begi.

"Malaria gani hii?" Osward naye alinong'ona. "Mguse, Doro. Mguse shingo. Samaki ana joto kumshinda."

Alfajiri Ngolo akarudi na madebe yake mawili. Akamtazama Theopista, akawatazama wale wawili. "Nyie. Nani kashika kitu?"

Osward akaapa kwa jina la mama yake. Dorotea, ambaye maisha yake yote hakuwa na subira na watu wanaojifanya, akajifanya. "Tushike nini, kaka Ngolo? Mgonjwa anahitaji hospitali, siyo maswali."

Wakatengeneza machela kwa miti miwili na turubai la hema. Wenzake walipokuwa wanaifunga, Dorotea alilibeba lile jiwe, akalitupa korongoni, akalisikia likigonga mwamba, na kugonga tena, na tena, kwa muda mrefu kuliko korongo lenyewe lilivyokuwa na kina.

Saa sita mchana wakafika mtoni. Theopista midomo ilikuwa ya kijivu, jua likimwakia usoni. Dorotea akafungua begi atoe kikombe amnyweshe maji. Vidole vyake vikagusa kitu cha baridi. Kilikuwa chini ya kanga, kikavu, na kina unga wa ulezi ubavuni.

"Hapa hatuvuki kimya," Ngolo alisema, ameshaingia majini hadi magotini. "Sisi warina kila mtu anataja alichochukua mlimani. Usipotaja, mlima haukugusi wewe. Unamchukua aliye karibu na wewe." Akainua uso. "Mimi nimechukua asali, madebe mawili."

"Mimi..." Osward alianza. "Nimechukua nyoya. La tai. Nilisema siku nikipata shati la kuongozea watalii..." Akaacha. "Nyoya."

Wakamgeukia Dorotea.

"Mimi sijachukua kitu," alisema, na hapo hapo kwenye machela Theopista akapuliza, fuuu, pumzi ndefu iliyotoka na kuendelea kutoka, kifua kikashuka, kikazidi kushuka, Osward akaita "Theo! Theo!" na pumzi haikurudi, na Dorotea akausikia mkono wa mama wa Kasokola umemkaza kwenye kifundo cha mkono, na akajua kwamba kwa mama yule hakutakuwa na neno la malaria la kumpelekea.

Akalitoa jiwe kwenye begi, akaingia nalo majini.

"Figa," alisema. Ngolo akatikisa kichwa, haijatosha. Dorotea akapaza sauti, mlima usikie. "Nilichukua figa kibandani! Nikamwaga unga wako, nikadanganya, nikaendelea kudanganya nikimwona anavyopoa. Ni mimi. Mwache apumue. Ni mimi!" Jiwe likaanza kupata joto mikononi mwake.