Vyoo Viwili vya Mzee Melkiadi

Mwaka 1994, kijijini kwetu, si mbali na Magamba, nzi walinenepa mpaka wakashindwa kuruka. Walitembea kwa miguu! Kila mvua iliponyesha, watoto waliharisha.

Thacienne alichota maji chemchemini kila asubuhi. Binti yake, Spès, wa miaka miwili, alikuwa ameharisha mara tatu masika yale. Mtoto alikonda, akabaki macho tu.

Siku moja akaja Silvesta, bwana afya, na baiskeli yake. Akaitisha mkutano.

"Idara ya Maji ina saruji na bomba la kujengea chemchemi yenu," alisema. "Lakini kila kaya iwe na choo kinachotumika. Mkishindwa, saruji inakwenda kijiji kingine."

"Vyoo tunavyo!" watu wakajibu.

"Haya. Nakagua."

Akapita nyumba hadi nyumba, watu wakimfuata. Mwisho akafika kwa Mzee Melkiadi, baba mkwe wa Thacienne. Choo chake kilisifiwa na wote. Kuta nyeupe, mlango wa bati!

"Karibu! Humu hata bwana harusi analala," mzee alijisifu.

Silvesta akainama. Buibui mkubwa alikuwa ametanda utando juu ya tundu lote.

"Mzee, choo hiki anatumia nani?"

"Familia yangu."

"Basi mwenye nyumba ni huyu buibui."

Watu wakacheka. Thacienne aliona aibu kusema mbele ya mkwe. Lakini alimfikiria Spès.

"Bwana afya, mimi siingii choo cha baba mkwe. Na yeye haingii nilimoingia mimi. Ni mwiko wetu. Choo ni kimoja, kila mmoja anakiacha kwa kumheshimu mwenzake, kwa hiyo sote tunakwenda kichakani, kule juu ya chemchemi."

"Na mvua ikinyesha, uchafu huo unateremkia wapi?"



"Chemchemini," Mzee Melkiadi akajibu polepole. "Kumbe mjukuu wangu anakunywa…"

"Mnakunywa nyie wote, mzee."

"Sasa nivunje heshima?"

"Hapana. Heshima ibaki. Chimba choo cha pili. Hiki chako na bibi, kile cha Thacienne na mumewe. Kiwe bondeni, mbali na chemchemi, kama hiki. Funikeni tundu. Naweni mikono kwa sabuni au majivu. Na maji ya kunywa yachemsheni. Narudi baada ya wiki moja."

Mzee Melkiadi akashika jembe mwenyewe. Alichimba tangu jogoo la kwanza. Majirani wakaja kusaidia.

"Mzee, simama! Utatokea Karema, ziwani, uvue samaki!"

"Nikitokea huko, nawaletea migebuka!"

Wiki ikaisha. Silvesta akakagua tena nyumba zote, na mwisho, kwa Mzee Melkiadi, akafunua tundu la kwanza, kisha la pili. Akaziba pua.

"Hivi navyo vinatumika!"

Vigelegele vikapasua anga. Lori likaleta saruji. Wanaume wakabeba mawe, wanawake wakasomba mchanga. Fundi wa Idara akajenga ukuta, akaweka bomba. Kijiji kikachagua kamati ya maji ya kuitunza chemchemi. Thacienne akawa mwenyekiti.

Masika yakarudi. Mvua kubwa ikanyesha, korongo likajaa tope. Thacienne akatega ndoo kwenye bomba. Maji yakatoka meupe!

Mzee Melkiadi akaja amembeba Spès mabegani.

"Mkamwana, huyu ananivunja shingo! Amekuwa mzito kama gunia la mahindi!"

"Mshushe, baba."

"Simshushi ng'o!"

Akaizunguka chemchemi naye, akicheza ngoma isiyopigwa.