Kipande cha Buluu kwenye Radi ya Pedreira

"Pete yako hii hapa. Na hiyo ngazi ni ya nini?"

Jurandir aliinua macho kutoka kwenye kibaraza alipokuwa amekaa. Lucideia alisimama getini, pete ya uchumba kiganjani, uso umemvimba kwa kukosa usingizi. Ngazi ya fundi ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa mbele, juu ya ule mchoro mkubwa wa radi uliotengenezwa kwa vipande vya vigae, njano na nyekundu na nyeusi. Babu yake Jurandir, mwashi wa hapo hapo mtaa wa Pedreira, aliona gazetini nyumba za kisasa za matajiri, akajijengea ya kwake kwa vigae vilivyovunjika kiwandani. Siku hizi nyumba za namna hiyo zimebaki chache jijini Belém, na Lucideia ndiye aliyekuwa akipita mlango kwa mlango kuwasihi wenyewe wasizibomoe.

"Kaa kwanza, Lu."

"Sikai. Jana nilikusubiri mjini, kwenye baraza la kulinda majengo ya kale, mpaka wazee wakafunga kikao. Ulitakiwa useme tu kwa niaba ya mama yako kwamba mmekubali nyumba ilindwe. Hukutokea."

"Si tulikubaliana baada ya mvua?"

"Mvua gani? Jana haikunyesha."

"Haikunyesha wapi? Huku ilimwagika mpaka giza likaingia. Umeme ukakatika, simu ikazima. Ilipokata tu nikakimbilia mjini, nikamkuta mlinzi anafunga geti."

Katika mji huu kila mtu hupanga hivyo, tuonane kabla ya mvua, tuonane baada ya mvua, na hakuna anayeuliza ni mvua ya mtaa gani. Kule mjini kati alikokuwa Lucideia, jua liliwaka mpaka likazama. Aibu ikamshika.

"Kwa hiyo hukunisaliti."

"Nikusaliti na nani, mtoto wa watu? Kwa sura hii?"

Lucideia alitaka kucheka, lakini jicho likarudi kwenye ngazi.

"Sasa hii kaileta nani?"

"Mimi."

Mama Oneide, mama yake Jurandir, alikuwa mlangoni na simu ya mwanawe mkononi. Nyuma yake alisimama Valmir, mwenye maduka ya dawa, aliyekuwa akiitolea macho nyumba hiyo kwa muda mrefu. Alitaka ukuta mtupu wa kuwekea bango lake, na alikunywa kahawa ya wenyewe kama aliyekwisha kuhamia.

"Naomba baraka zako, mama," Lucideia alimsalimu.

"Baraka baadaye. Kwanza nisomee hii."

Lucideia akaipokea simu. Ulikuwa ujumbe wake mwenyewe wa jana: *Kama nyumba imekwisha, na sisi tumekwisha. Usinitafute.*

"Umeme uliporudi niliuona mimi kabla yake," Mama Oneide alisema. "Nikajiuliza, huyu binti anaolewa na mwanangu au na ukuta? Asubuhi nikampigia Valmir aje aichukue nyumba."

"Niliandika kwa hasira, mama."

"Na mimi nikasoma kwa hasira. Tuko sawa."

Jurandir akainuka. "Mama, yaishe."

"Wewe kaa." Akaiokota nyundo ya fundi, akamkabidhi Lucideia. "Kama unayemtaka ni mwanangu, anza wewe kubomoa."

Lucideia aliitazama ile radi, moyo ukamuuma. Akamtazama Jurandir, ambaye hakumwambia apige wala asipige. Akaivaa pete yake, kisha akapanda ngazi.

"Sitakudanganya, mama. Nyumba hii naipenda. Baba yako alitaka kuwa wa kisasa, akawa, bila kumwomba tajiri yeyote ruhusa. Lakini Jurandir nitaolewa naye hata akihamia kwenye boksi la friji. Jana nilikosea, nikawafunga kamba moja, yeye na nyumba. Nisamehe."

Akapiga. Kipande cha njano kwenye ncha ya radi kikaanguka, kikavunjikavunjika sakafuni. Akainua mkono tena, machozi yanamtoka.

"Basi," Mama Oneide alisema. Sauti ilikuwa imemlegea. "Shuka, mwanangu. Usije ukaanguka ukaniletea kesi."

Valmir akaweka kikombe chini. "Mama, mimi na wewe tulikubaliana. Mafundi wangu wanakuja."

"Tulikubaliana waanze lini?"

"Baada ya mvua."

Mama Oneide akatoka mpaka getini, akatazama juu bila haraka.

"Umeiona mvua?"

"Bado. Lakini si itanyesha tu?"

"Ndiyo maana nalirudisha neno langu mapema, kabla halijalowa. Malizia kahawa yako, baba."

Jurandir alicheka mpaka akashika ukuta. Valmir hakuimalizia kahawa.

Baraza lilipokaa tena, Mama Oneide alikwenda mwenyewe tangu asubuhi, na kiti chake cha kukunja, akasema mbele ya wote kwamba nyumba haiuzwi wala haibomolewi. Na kadi za harusi zilipochapwa, ni yeye aliyeamuru maneno: *Saa kumi jioni, inyeshe isinyeshe.*

Asubuhi ya harusi alimkuta Jurandir juu ya ngazi, anahangaika na lile pengo. Bibi harusi alikuwa chini, nywele hazijasukwa, anamshikia saruji. Walikuwa wamezunguka mji mzima wakitafuta njano ile ile bila kuipata. Mama Oneide akaingia ndani, akatoka na sahani ya buluu aliyopewa siku ya harusi yake, akaigonga kwenye ukingo wa kibaraza ikavunjika. Akachagua kipande.

"Weka hiki."

"Mama," Lucideia alisema, "watu wa baraza watasema rangi siyo yenyewe."

"Baba yangu aliokota vilivyovunjika akajengea. Wewe umevunja, sisi tunajengea. Wakiuliza, waambie hapo ndipo mkwe wangu alipoingilia kwetu."